KURA YA MAONI SI ELIMU YA GHAIBU



Kenya mwaka 2022, kura za maoni kadhaa zilimweka Raila Odinga mbele. Wapo walioshangilia mapema, wapo waliokata tamaa. Agosti 15 akatangazwa William Ruto: asilimia 50.49 kwa 48.85.

Zile zilikuwa kauli za watu wachache walioulizwa, na wengine walikuwa hawajaamua. Ya kesho anayajua Allah peke yake.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Basi hakiki kabla hujasambaza. Na usimnunie jirani yako kwa sababu ya asilimia. Uchaguzi utapita, jeneza lako atalibeba yeye.

Allah atuongoze. Aamin.