Nenda peke yako, lakini si Santorini

Ile picha kila mmoja wetu ameiona: nyumba nyeupe, kuba za buluu, bahari chini kabisa. Iko kwenye kalenda za maduka, iko kwenye simu za nusu ya promosheni yetu. Mwaka jana, katika mtihani wa mazungumzo, mwenzetu aliulizwa likizo ya ndoto yake ni wapi. Akajibu: Santorini, peke yangu. Darasa lote likacheka, kwa ajili ya bei nadhani. Mimi naona nusu ya jibu lile ilikuwa nzuri sana, nayo ni nusu iliyochekwa zaidi: peke yangu.

Kuhusu kisiwa chenyewe sina ugomvi. Wala sina neno juu ya Wagiriki, ambao wengine wao wamekuwa watu wa Katanga tangu enzi za Elisabethville na walinunua samaki wa Luapula kule Kasenga kabla babu zetu hawajajua Ugiriki iko upande gani. Nyumba zile nyeupe zimejengwa kwenye ukingo wa volkano. Miaka kama 3,600 iliyopita mlima ulipasuka ukafunika mji wa Akrotiri kwa majivu, na kisiwa kidogo kilicho katikati ya ghuba, Nea Kameni, kilitoa moto mara ya mwisho mwaka 1950. Mwanzoni mwa 2025 ardhi ilitetemeka siku nyingi mfululizo, maelfu wakapanda meli na ndege kukimbia. Yote haya hayaonekani kwenye kalenda. Na mwanafunzi wa lugha akifika kule atasema Kiingereza hotelini, Kiingereza mgahawani, kisha atarudi Kasapa na picha ileile aliyoenda nayo.

Hoja yangu ni hii. Mwanafunzi wa lugha anapaswa, angalau likizo moja kabla ya kumaliza masomo, kusafiri peke yake, na kusafiri ndani ya lugha zilizo ndugu za lugha yake. Ukitaka volkano, ipo. Ukitaka kisiwa, kipo. Kinaitwa Ngazidja.

Nilikwenda Agosti mwaka jana. Fedha nilizipata kwa kufundisha watoto Kifaransa nyumba kwa nyumba, miezi tisa. Ugumu haukuwa fedha. Ugumu ulikuwa swali moja ambalo nyumbani waliliuliza wote, kuanzia mama hadi jirani anayeuza makala: "Uko na ndugu kule?" Hapana. "Sasa unaenda kufanya nini?" Kutembea. "Kutembea kwa nani?"

Tulitazame hilo swali la mwisho kama watu wa kitivo. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi kutembea si kutazama mandhari. Unatembea kwa mtu: kwa shangazi, kwa rafiki, kwa mgonjwa. Safari isiyo na mtu upande wa pili haina jina, ndiyo maana mjomba wangu aliniuliza, "Njo kusema nini?" Hakuwa mkaidi. Lugha yenyewe ilikuwa inamwambia kwamba sentensi yangu haijaisha. Nami nasema ni vizuri mtu aishi wiki tatu ndani ya sentensi isiyoisha, kwa sababu hapo analazimika kuimalizia mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu asiowajua.

Njia yangu ilikuwa Kasumbalesa, basi za Zambia hadi Nakonde, kuvuka Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, halafu ndege ya saa moja na kidogo hadi Moroni. Zambia nilikula na kulala kwa Kibemba cha bibi yangu. Tunduma nilifungua mdomo kuuliza bei ya chai, watu wawili wakatabasamu kabla sijamaliza. "Dada, wewe wa Kongo." Walisema kwa wema. Lakini wengi wetu tunalijua tabasamu hilo, na tunajua tunavyofanya: tunanyamaza, au tunarukia Kifaransa. Tukiwa kundi ni rahisi. Mmoja anayejua sanifu anasemea wote, wengine tunapiga picha. Peke yako huna mahali pa kujificha. Ilibidi niseme, nichekwe kidogo, niendelee kusema, na kufika Mbeya nilikuwa nimekwisha kuacha kujirekebisha kila neno. Profesa Fabian, aliyefundisha hapa kwetu miaka ya sabini, aliandika kitabu kizima kuhusu jinsi wakoloni walivyokitazama na kukitumia Kiswahili cha Katanga. Tunakisoma kitabu hicho, tunakipenda, tunakinukuu, kisha mpakani tunaona aibu.

Ngazidja aibu ile haikunifuata, na sababu yake ni ya kisayansi. Kule Kiswahili changu si kibovu wala sanifu si bora, kwa kuwa vyote viwili ni jirani tu. Kishingazidja na Kiswahili ni lugha za kundi moja, kundi la Sabaki. Sisi tunasema muntu, bantu. Sanifu: mtu, watu. Wao: mndru, wandru. Ukiziweka hizo tatu kwenye ubao mmoja, ile ba- yetu tunayokaripiwa tangu shule ya msingi haionekani tena kama uchafu. Ni njia moja kati ya njia. Au chukua kitenzi. Wao hawasemi kutaka, wanasema hutsaha. Hu- yao ndiyo ku- yetu. Sikio lililofundishwa sanifu linasikia desturi kila mahali, kana kwamba kisiwa kizima kinaongea juu ya mazoea yake, kumbe ni kitenzi tu kimesimama. Jambo hilo nililisoma mwaka wa pili katika mistari miwili ya somo. Kule lilinichukua siku nne kulizoea, na sasa haliwezi kunitoka.

Nilipanga chumba Moroni, karibu na mji wa kale wa Badjanani, kwa mama mmoja mtu mzima. Hapa neno hilo linataka uangalifu. Kwao mndru mdzima si mtu wa miaka mingi. Mwanamume ni mtu mzima akiisha kutimiza anda, ile ndoa kuu ambayo familia hukusanya mali yake kwa miaka mingi. Asiyeitimiza anaweza kuwa na mvi na wajukuu, lakini uwanjani, kwenye bangwe, wakati wa kusema mambo ya mji, nafasi yake si ya mbele. Sisi tungetafsiri "mtu mzima" bila kufikiri, tungekosea, wala kamusi isingetuonya. Yule mama alinieleza hayo jioni moja, Kiswahili chake kikiwa cha Unguja, alikokulia, na changu cha Kenya, namaanisha Kenya ya Lubumbashi, komini yangu. Halafu akauliza lile swali, karibu kwa maneno yaleyale ya nyumbani: una ndugu hapa? Nilipojibu hapana, hakuuliza nimekuja kufanya nini. Aliuliza mama yangu ni wa watu gani. Nikasema Walamba. Akauliza kwa Walamba mtoto ni wa nani. Wa upande wa mama, nikasema. Akapiga kofi: kwao pia ukoo unapita kwa mama, na nyumba ni ya binti, mume ndiye anayehamia. Tuliongea mpaka usiku. Naamini kama ningekuwa na wenzangu kumi na asistanti mmoja tungepewa kiongozi wa watalii na ratiba, na mama huyo angebaki jikoni kwake.

Mlima wenyewe, Karthala, una mita 2,361. Kuupanda nililipa kiongozi. Mlimani hauendi peke yako hata kidogo, na anayekwambia vinginevyo usimsikilize. Kilichonigusa zaidi kiko chini. Kusini-magharibi, Aprili 1977, lava ilishuka ikafunika sehemu kubwa ya kijiji cha Singani. Barabara inapita juu ya jiwe hilo jeusi hadi leo, na watu walijenga tena. Nilisimama pale nikaona terili yetu, ule mlima mweusi wa Gécamines: rangi ileile, ukavu uleule wa kitu kilichokuwa moto. Tofauti ni kwamba wa kwetu tuliumwaga wenyewe, ndoo kwa ndoo. Kingine usichokiona kwenye kalenda ya kisiwa chochote ni maji. Ngazidja haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mawe ya volkano yanainywa mvua yote. Watu wanakinga maji ya paa kwenye matangi. Mwaka 2005 Karthala ilipotoa majivu, majivu hayo yaliingia ndani ya matangi, na watu wakakosa maji ya kunywa ingawa moto haukuwagusa. Mama mwenye nyumba alifunika tangi lake kwa bati na mawe. Aliponifundisha neno la maji, madji, alilisema akiwa ameweka mkono juu ya bati hilo.

Na neno moja la zawadi kwa watu wa Lubumbashi. Huko kuna watu wanaoitwa Sabena. Desemba 1976 Wakomori wa Mahajanga, Madagaska, walishambuliwa, wengi wakauawa, na maelfu waliobaki wakarudishwa Komori. Wengi walibebwa na ndege za shirika la Kibelgiji, lile lile lililowaleta mabwana wa Union Minière hapa. Jina la ndege likawa jina la watu. Wazee wetu wakisikia Sabena wanakumbuka ukuu na mizigo. Kule ni kumbukumbu ya kukimbia.

Najua kitakachosemwa. Kwanza, usalama, hasa kwa msichana. Sipuuzi. Nilipanga vituo vyote mapema, nilisafiri mchana, kila jioni niliandika nyumbani. Lakini tuwe wakweli: msichana wa kitivo hiki anarudi peke yake kutoka Kasapa saa moja usiku kwenye teksi-basi, na hakuna aliyeitisha mkutano juu ya hilo. Pili, safari za kundi zina thamani. Zina thamani kwa wanajiolojia, wanaohitaji kutazama jiwe moja pamoja. Lugha haitazamwi pamoja. Tatu, kwa nini mbali, wakati Goma kuna volkano na Kiswahili pia? Ningependa Goma. Nyiragongo, ziwa, kisiwa cha Tchegera ambacho ni ukingo wa volkano ndani ya Kivu. Lakini tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23, na mwanafunzi wa Lubumbashi anafika Moroni kwa urahisi kuliko kufika mji wa nchi yake. Hilo linanikasirisha kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Ninachoomba kwa walimu wetu ni kidogo: ripoti ya safari ya mtu mmoja, yenye maneno aliyoyakusanya na watu waliomfundisha, ikubaliwe kama kazi ya vitendo, sawa na ripoti ya safari ya basi. Si lazima Ngazidja. Kwa mwenye fedha kidogo, Tunduma inatosha.

Na kwa wenzangu: katika gharama zangu zote iliyoniuma ni pasipoti, kwa bei na kwa foleni. Anzeni nayo kabla ya mitihani.