Utupa: Rafiki wa Shamba, Adui wa Bahari

Jumapili hii tuzungumze juu ya utupa, mmea wa porini ambao huenda unaupita kila siku ukidhani ni gugu tu. Una maua meupe au ya zambarau, maganda yenye manyoya, na hufikia urefu wa mita 2 hadi 3. Wataalamu huuita Tephrosia vogelii.

Utupa ni wa jamii ya kunde. Mizizini mwake mna vifundo vya bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuifanya chakula cha mimea. Kwa hiyo wewe mkulima wa Kilifi au Malindi, ambaye shamba lako la kichanga limechoshwa na mahindi mwaka nenda mwaka rudi, mmea huu unakufaa.

Mbegu zake zina ganda gumu. Ziloweke usiku kucha, kisha uzipande mvua za mwaka zinapoanza, mwezi wa Aprili. Chimba mashimo ya kina cha sentimita 2, umbali wa mita 1 kati ya shimo na shimo, utie mbegu 2 kila shimo. Usipande mahali panapotuama maji. Palilia vizuri miezi ya kwanza, maana miche hukua polepole. Mwaka ufuatao ukate, uyafukie majani kabla ya kupanda mahindi, na vijiti uvipeleke jikoni. Lakini usifuatishe nyanya hapo, kwa sababu utupa hufuga minyoo midogo inayoshambulia mizizi ya nyanya.

Majani yake pia huzuia wadudu waharibuo mbegu ghalani. Yakaushe kivulini, kwani jua kali hupunguza nguvu yake. Jifunge kitambaa puani na mdomoni, uyatwange katika kinu ambacho hakitwangiwi chakula, kisha uchanganye unga huo na mbegu za kunde au mahindi utakazopanda. Nafaka ya kula usiitie, na watoto wasiuchezee.

Tahadhari nyingine: si kila utupa una nguvu. Wataalamu waliochunguza utupa wa wakulima nchini Malawi, na kutangaza matokeo mwaka wa 2012, waliona kwamba baadhi ya mimea, ingawa inafanana na mingine kwa sura, haina sumu ya kuua wadudu. Basi omba mbegu kwa jirani ambaye utupa wake umekwisha kumfaa.

Sumu hiyo huitwa rotenoni, na hapa ndipo penye hatari. Tangu zamani wako watu waliotwanga utupa na kuutia katika vidimbwi vya mwambani maji yakipwa. Samaki huivuta sumu kwa matamvua, akashindwa kutumia hewa, akaelea. Ila sumu haichagui. Huua changu mkubwa pamoja na vitoto ambavyo havijafika hata urefu wa kidole, vile ambavyo mwakani vingeingia katika malema ya baba yako.

Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka wa 1968 ili samaki wapate mahali pa kuzaana, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka wa 2016 inakataza kabisa kuvua kwa sumu. Hata hivyo askari hawezi kulinda kila kidimbwi. Kijana akirudi na kikapu kilichojaa kwa saa moja tu, mzazi, muulize amevuaje kabla hujabandika chungu. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Panda utupa wako mbali na kisima, mto na ufuo. Ukibaki shambani, utakulisha mahindi, nayo bahari itaendelea kukupa kitoweo.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia mvua njema.