Bitana ya Nyonga

Yuko bibi mmoja mtaani kwetu aliyebadilishwa nyonga miaka 14 iliyopita. Kabla ya hapo hakuweza kushuka ngazi za nyumba yake pasi na kushikwa mkono. Baada ya upasuaji alirudi kwenda harusini, matangani na sokoni kwa miguu yake mwenyewe, na kwa kuwa hakuona maumivu, hakuona pia haja ya kurudi kwa daktari. Mwaka huu alijikwaa kizingitini, akapigwa eksirei, nayo picha ikaonyesha jambo lisilotarajiwa na yeyote: mfupa uliozunguka kiungo kile ulikuwa na mashimo, mfano wa boriti iliyoingiwa na mchwa. Wanawe walituuliza, je, ni kosa la nani? Tumeona swali hilo lataka maelezo marefu kidogo.

Nyonga ya kutengenezwa ina sehemu mbili zinazosuguana. Juu ya mfupa wa paja huwekwa kichwa cha duara, cha chuma au cha kauri. Katika mfupa wa nyonga huwekwa kikombe, ambacho aghalabu kina bitana ya plastiki. Mtu wa kawaida hupiga kama hatua milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu. Chuma hakichakai upesi. Kinachochakaa ni ile bitana.

Aliyetangulia kuionja adha hii ni daktari wa Kiingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitumia Teflon, ile ile ambayo leo hupakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Ni laini na yenye utelezi, naye akadhani amepata dawa. Wagonjwa wapatao 300 wakawekewa. Haikupita miaka mingi, vikombe vikaliwa, na unga wake ukaleta uvimbe mkali ndani ya nyama. Charnley hakulificha jambo hilo, bali alijipandikizia vipande vya plastiki katika paja lake mwenyewe ili aone mwili utafanya nini, na ile Teflon ikamfanyia uvimbe. Sisi twaona ni watu wachache ambao wangejitia katika kosa lao namna hiyo.

Msaada ulitoka pasipotazamiwa. Mwaka 1962 mchuuzi mmoja alileta kipande cha plastiki iliyokuwa ikitumika katika mashine za kufumia nguo, aina ya poliethilini yenye nyuzi ndefu mno. Charnley aliidharau. Fundi wake, Harry Craven, akaitia katika mashine ya kusugulia hata hivyo, na baada ya majuma kadhaa ikawa imeliwa kidogo kuliko Teflon iliyosuguliwa siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikaanza kutiwa katika miili ya watu, na mpaka leo ndiyo itumikayo, ijapokuwa imebadilishwa sana.

Nayo pia huchakaa, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Mtu atasema hilo ni dogo. Lakini unga wake ni mwembamba usioonekana kwa macho, na zile chembe za damu zinazolinda mwili huumeza zikidhani ni vijidudu. Hazina uwezo wa kuusaga. Katika kuhangaika nao hutoa dalili zinazoamsha seli za kula mfupa, na mfupa huyeyuka polepole, kimya kimya, hata kiungo kikalegea. Hayo ndiyo yaliyompata bibi yetu.

Pana sababu nyingine iliyochelewa kujulikana. Viungo hivi vilikuwa vikiuliwa vijidudu kwa miale ya gama huku vimefungwa pamoja na hewa. Miale hukata nyuzi za plastiki na kuacha ncha zilizo wazi, kisha oksijeni huzishika. Tazameni beseni lililoachwa uani juani mwaka mzima: hufifia, na ukiliinua lapasuka mkononi. Hali inakaribiana na hiyo.

Ajabu ni kwamba miale hiyo hiyo ndiyo iliyoleta tiba. Mama anayejua kushona mkeka atatuelewa upesi. Ukili ukiwekwa kando kwa kando bila kushonwa, ukiuvuta ubavuni waachana. Ukishonwa, wawa kitu kimoja. Plastiki ikipigwa miale mingi zaidi, nyuzi zake zilizokatika huungana na jirani zake, zikawa kama zimeshonwa. Nyonga husogea mbele, nyuma na upande, kwa hiyo mshono huu huifaa sana. Katika daftari la taifa la Australia, baada ya miaka zaidi ya 15, waliowekewa plastiki hiyo walirudi kupasuliwa takriban nusu ya wale wa plastiki ya zamani.

Haikuja bila gharama. Plastiki iliyoshonwa sana hupungua ushupavu na huweza kupata ufa, ndiyo maana katika goti, ambalo hubanwa kwa namna nyingine, madaktari hawakuikimbilia kwa haraka sawa. Na zile ncha zisizopata mwenzake ni lazima zizimwe. Wengine huyeyusha plastiki ili ziungane. Tangu mwaka 2007 wengine huitia vitamini E, ile ile inayoyalinda mafuta ya kupikia yasiharibike upesi.

Basi kwa mwenye mzazi anayengoja upasuaji: muulizeni daktari bitana itakuwa ya aina gani, na ombeni kadi yenye jina na nambari ya kiungo. Aliyekwisha kuwekewa naye apigwe eksirei kila anapoagizwa, ajapokuwa hana maumivu.

Bibi yetu alifanyiwa upasuaji wa pili. Ganda la chuma lilikuwa bado imara, likaachwa; bitana ikabadilishwa, na mashimo yakajazwa mfupa. Siku hizi anaswali juu ya kiti, jambo ambalo halimpendezi, na kadi yake ameifunga pamoja na kitambulisho katika leso, chini ya mto.