Chaji ikiisha katikati ya kusasisha

Si kila simu hufa chaji ikiisha katikati ya kusasisha. Android 7.0 ya mwaka 2016 ilileta mpango wa kuweka mfumo katika sehemu mbili, A na B. Mwenye simu anaendelea kuchati akitumia A, huku toleo jipya likiandikwa chinichini kwenye B.

Simu ikizima ghafla, A haijaguswa.

Kazi ikikamilika, simu inazimwa na kuwashwa, nayo inajaribu B. Ikigoma kuwaka mara kadhaa, inarudi A yenyewe. Picha na meseji zipo palepale. Kompyuta za Chromebook zilitangulia kutumia mpango huu.

Tatizo ni nafasi: mifumo miwili hula hifadhi. Android 11 ilipunguza mzigo huo kwa kutunza mabadiliko kwa muda badala ya nakala nzima.