Mwisho Usioandaliwa ni Kiinimacho

Msomaji anapofungua riwaya ya siri za nyumbani huwa amekubali kuhadaiwa. Huo ndio utamu wake. Asichokubali ni kudharauliwa. Ndiyo maana riwaya moja ya aina hiyo, ambayo imekuwa ikipita mkono kwa mkono miongoni mwa walimu na wanafunzi kutoka Lodwar hadi Kakuma, imenihuzunisha kuliko ilivyonitisha.

Yasimulia habari za mke aishiye kwa hofu katika nyumba ya fahari. Sura baada ya sura tunamwona akificha alama za kipigo chini ya mtandio na kuhesabiwa hata dakika za kwenda sokoni. Mwandishi ana kipaji: kimya cha yule mume arejeapo jioni chaogofya kweli. Kisha, katika sura ya mwisho, twaambiwa kwamba yote yalikuwa uongo. Mke alijiumiza mwenyewe ili apate mali. Hakuna dalili hata moja iliyotangulia.

Hapa pana makosa mawili. La kwanza ni la ufundi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* ilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda tuzo, alituwekea msingi wa riwaya ya upelelezi. Bwana Msa na kiko chake hufumbua mafumbo ya ukoo, urithi na nasaba, yaani siri za nyumba hasa. Lakini afafanuapo mwishoni, msomaji hurudi nyuma akajilaumu kwa kutoona yaliyokuwa mbele ya macho yake. Kushangaza watu bila kuwaandaa ni kiinimacho.

La pili ni zito zaidi. Kenya ilipata sheria ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2015. Hata hivyo, sheria haimfai anayeumizwa asipothubutu kusema, na akisema, asipoaminiwa. Je, msichana ajuaye kwamba mama yake hupigwa atajifunza nini katika kitabu hiki, ila kwamba alama za kipigo huenda zikawa hila? Na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, wapo vijana kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi waliopoteza makao yao wangali wadogo. Kwao nyumba yenye hofu si pambo la hadithi.

Wapo watakaosema kwamba riwaya si mahubiri, na kwamba wanawake waongo wapo kama walivyo wanaume waongo. Ni kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwandishi ana uhuru wa kumchora mke mwovu. Lakini uovu wa mhusika hujengwa hatua kwa hatua katika matendo yake. Hauchomolewi mwishoni kama karata iliyofichwa.

Basi walimu wasikipige marufuku kitabu hiki. Mahali ambapo nakala moja husomwa na watu wengi, hata kitabu chenye kasoro kina kazi. Wakisome na wanafunzi wao, kisha wawaulize: ni ukurasa upi uliotuandaa kwa mwisho huu? Mwanafunzi atakayetafuta asiuone atakuwa ameanza uhakiki. Naye mwandishi atuandikie kingine, maana kalamu anayo. Akumbuke tu kwamba njia ya mwongo ni fupi, hata ikiwa na kurasa mia tatu.