Giaboksi Ilijua, Mwenye Lori Hakujua

Nilikuwa nimeahidi kumalizia ile makala ya hifadhidata wiki hii. Samahanini, itangoja. Nina hasira, na hasira yenyewe inahusu programu, kwa hivyo hatujatoka nje ya mada sana.

Mjomba wangu ana lori moja. Moja tu, si kampuni. Alilinunua jipya kwa mkopo na benki inamkata kila mwezi. Linabeba kontena kutoka Mombasa hadi Malaba, na likibahatika linarudi na kahawa au majani chai kutoka Uganda. Waranti ilikuwa ya miezi 24. Mwezi wa 26, likipanda kuelekea Timboroa, taa nyekundu iliwaka, giaboksi ikakataa kubadilisha gia, na dereva na utingo wakalala kando ya barabara karibu na Mau Summit wakilinda mzigo wa watu.

Kesho yake mjomba akanipigia. "Kijana, wewe si ulisomea kompyuta? Hawa watu wananiambia giaboksi ni kompyuta."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Giaboksi ya lori la kisasa, kwa ndani, bado ni meno ya chuma kama ya lori la babu yako. Kilichobadilika ni mkono unaoyabadilisha. Hakuna pedali ya klachi. Kuna kompyuta inayosoma mwendo, mzigo na mwinuko, kisha inaamua gia na kusukuma klachi kwa hewa iliyoshindiliwa. Kwenye lori la mjomba kuna pia ritada, yaani breki inayotumia oili ile ile ya giaboksi kupunguza mwendo kwenye mteremko. Joto linalotoka hapo hupelekwa kwenye kipozeo, nacho hulikabidhi kwa maji ya rejeta.

Joto lenyewe si mchezo. Chukua lori na mzigo wake, tani 40. Likishuka mita 300, nishati inayotakiwa kwenda mahali fulani ni kama kilowati-saa 33. Hiyo inatosha kuchemsha mitungi 17 ya maji ya lita 20. Si yote inayoingia kwenye oili, sehemu huliwa na injini, hewa na breki za magurudumu, lakini sasa unajua kwa nini kipozeo kilichoziba nusu ni kifo cha polepole. Shuka Mai Mahiu na kontena, halafu Nakuru ikishapita uanze kupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Oili inapikwa kwenye mteremko, na kabla haijapoa vizuri inaombwa kazi kwenye mlima. Mafundi wana kanuni yao ya makadirio: joto likizidi kwa nyuzi 10 hivi, maisha ya oili hupungua kwa nusu. Oili ikichoka, beringi zinasagana, sili zinakauka. Wala si siku moja. Ni miezi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu miezi hiyo yote kulikuwa na mtu anajua. Kompyuta ya giaboksi.

Malori mengi makubwa huzungumza ndani kwa kiwango kinachoitwa J1939, kilichoandikwa na chama cha wahandisi SAE cha Marekani. Ni nyaya mbili, kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, na kila kompyuta ya gari inapiga kelele zake humo. Joto la oili ya giaboksi lina namba yake, 177, na kiwango kinasema lisafiri ndani ya ujumbe namba 65272, mara moja kila sekunde. Si siri. Baiti mbili, ya tano na ya sita. Ukikuta 20 2F, unazigeuza zinakuwa 12064, unagawanya kwa 32, unatoa 273, unapata nyuzi 104. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika programu hiyo kabla chai haijapoa.

Kila sekunde! Kwa miezi 26! Na kwenye dashibodi ya lori lililogharimu mamilioni hakuna kipimo cha joto la giaboksi. Kuna taa. Taa ambayo haiwaki mpaka mambo yameharibika.

Wakala aliyemuuzia (simtaji, na ukiniuliza nje ya hapa bado sitamtaja) alimpa bei ya giaboksi mpya: shilingi milioni 1.4. Kurekebisha ile ya zamani? Hatufanyi. Waranti? Imekwisha, mzee, ona tarehe.

Basi nikaomba makaratasi yote ya sevisi. Mjomba ni mtu wa kuweka karatasi, Mungu ambariki. Katika sevisi ya mwezi wa 22, waranti ikiwa bado hai, nyuma ya ankara kulikuwa na ukurasa uliopigwa chapa kutoka laptopu ya wakala. Sidhani ulikusudiwa kutufikia. Mstari wa sita: 177, aina ya hitilafu 16, mara 41. Mbele yake neno moja: imefutwa.

Nitafsiri. Katika J1939 aina 16 maana yake ni "juu ya kawaida, kiwango cha kati." Lori lilikuwa limejiandikia mara 41 kwamba oili ya giaboksi inapata joto kupita kawaida. Fundi wa wakala aliisoma, akabonyeza kitufe cha kufuta, akabadilisha oili ya injini, akamkabidhi mjomba ufunguo. Hakuna aliyefungua kipozeo. Hakuna aliyesema neno. Miezi minne baadaye kikaja kile cha aina 0, juu ya kawaida, kiwango cha hatari kabisa, na safari hiyo bili ikawa ya mjomba.

Simwiti mtu mwizi. Huenda yule fundi alikuwa na malori tisa ya kumaliza kabla ya saa kumi. Lakini niambieni, mfumo ambao anayeona dalili ni yule yule anayenufaika waranti ikiisha kimya kimya, ni nani aliuunda hivyo?

Mjomba alipowapelekea ule ukurasa, jibu lilikuwa kwamba hiyo ni taarifa ya matumizi ya ndani. Ya ndani ya nini? Lori ni lake. Joto ni lake. Deni la benki ni lake.

Tukaenda kwingine. Giaboksi ya mtumba ya aina hiyo hiyo ilipatikana Nairobi kwa 460,000. Fundi wa Industrial Area, mtu wa makamo asiyejua kuringa, akaifunga kwa 45,000. Kipozeo kipya 52,000, oili 18,000, kuvutwa kutoka Mau Summit 70,000. Chuma kikaingia vizuri kabisa. Lori likakataa kuondoka.

Kwa nini? Kwa sababu kompyuta ya lori haikuitambua giaboksi. Lazima zitambulishwe, na programu ya kuzitambulisha iko kwenye laptopu ya wakala peke yake. Tulimlipa 60,000 kwa kazi ya dakika arobaini, na foleni ya kungoja hizo dakika arobaini ilikuwa siku tisa. Jumla 705,000, na lori lilisimama siku 23. Nusu ya bei ya wakala, ndiyo, lakini kama kipozeo kingeangaliwa mwezi wa 22 ingekuwa 70,000 ya kipozeo na oili, tena kwa waranti.

Najua mtakachosema. Malori yetu hubeba kupita kiasi na madereva hawana huruma. Kweli, wapo. Ila la mjomba hupita mizani ya Mariakani na Mlolongo kama mengine, na risiti ninazo. Tena kama tatizo ni dereva, kipimo cha joto mbele yake si ndicho kingemfundisha?

Mtasema tena kwamba programu ikifunguliwa kila mtu atachezea breki. Hilo ni jibu la watu wanaotegemea sisi tusijue tofauti ya kusoma na kuandika. Sikuomba kuandika kitu. Naomba kusoma. Na hata hiyo kazi ya kutambulisha giaboksi, Ulaya ina kanuni namba 2018/858, inayotumika tangu Septemba 2020, inayowalazimu watengenezaji kuwapa gereji huru taarifa za uchunguzi na ukarabati, malori yakiwemo. Marekani, tangu 2016, mwenye gari la biashara aliruhusiwa kuvunja kufuli la programu ili alitengeneze bila kuvunja sheria ya hakimiliki. Malori ni yale yale. Yanapovuka bahari haki zinabaki bandarini?

Sisi nasi tuna Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Mimi si wakili, lakini nikisoma maneno hayo kisha nikiangalia ule mstari wa sita, sioni unavyoponea. Ninachotaka ni kidogo: kabla waranti haijaisha, mwenye gari apewe kumbukumbu zote za hitilafu, zilizofutwa na zisizofutwa, zimepigwa chapa na kutiwa sahihi. Hospitali hukupa faili yako.

Sasa niseme langu, maana si haki kupiga mawe tu. Kazini kwetu tuliandika mfumo wa sacco fulani. Kumbukumbu za makosa tunaziona sisi peke yetu, na mteja akitaka tuzisome hulipia ziara. Ile sehemu niliiandika mimi mwenyewe, na wakati ule niliona ni biashara nzuri. Jumatatu nilimwambia bosi nataka kumfungulia mteja ukurasa huo. Bado hajanijibu.

Kama una lori na waranti yako inakaribia kuisha, usingoje Katiba. Nenda kaombe kumbukumbu kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri. Na kama unajua kutumia chuma cha kutia risasi, nilichofanya ni hiki: Raspberry Pi, kibao cha CAN chenye chipu ya MCP2515, nyaya mbili hadi kwenye plagi ya uchunguzi chini ya dashibodi. Nimeiweka isikilize tu, isitume hata biti moja, ili asije mtu akasema nimeharibu kitu. Kuna kioo kidogo mbele ya dereva, na joto likifika nyuzi 100 kengele inalia na mjomba anapata SMS. Programu ni mistari 80 hivi, nitaiweka hapa nikishaondoa namba ya simu ya mjomba.

Lori liliondoka Mombasa Jumanne. Mai Mahiu kengele ililia mara moja, dereva akapunguza ritada, akashuka na breki ya injini. Juu Timboroa lilisoma 93.