Star Anawaka, Majukwaa Yanapiga Miayo: Singida Msiwaonee

Picha hii wadau wa soka wanaijua. Jioni ya katikati ya wiki, uwanja wa LITI, pale ambapo wengi bado wanapaita Namfua. Timu inachechemea, pointi hazipatikani. Straika anapokea mpira, anamlaza beki, anaachia shuti, nyavu zinatikisika. Anakimbia kwenda kushangilia na mashabiki, halafu anapunguza mwendo mwenyewe. Alikokimbilia kuna watu wa kuhesabu, na muuza karanga.

Usiku klipu iko mtandaoni, laiki zinamiminika, na komenti ni zile zile: Simba mchukueni, Yanga mnasubiri nini. Anayesema abaki Singida hayupo.

Sasa subiri Yanga au Simba waje mjini. Hapo hata pa kukanyaga hakuna, bodaboda hazishikiki, na wenyeji kabisa, watoto wa Misuna na Utemini, wametinga jezi za mgeni. Star akifunga siku hiyo anazomewa kwenye uwanja wake wa nyumbani. Inauma, asikudanganye mtu.

Ndipo wanapotokea wale wa kusema watu wa Singida hawana uzalendo, wanajua alizeti, vitunguu na kuku tu. Hoja nyepesi sana hiyo. Singida United ilipopanda Ligi Kuu 2017 mji ulichangamka, na 2018 ikafika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar kule Arusha. Msimu wa 2019/20 ikashuka daraja. Ikaja Singida Big Stars, msimu wa 2022/23 ikamaliza nafasi ya nne. Mtu anafikiri sasa tumepata timu, kumbe jina linabadilika tena: Singida Fountain Gate. Katikati ya msimu mechi za nyumbani zikahamia Mwanza, huku Ihefu ya Mbarali ikihamishiwa Singida. Msimu wa 2024/25 hiyo Ihefu ndiyo ikawa Singida Black Stars.

Haya, mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2017 alitakiwa anunue jezi ngapi? Simba na Yanga amerithi kwa baba yake, na baba naye kwa babu. Hii ya mkoani kila akianza kuizoea inabadilishwa jina au inahamishwa mji. Atakaa vipi juani kuisapoti?

Wanaosema mikoani timu haiwezi kupendwa wakaulize Mbeya. Mbeya City walipanda msimu wa 2013/14, wakajaza Sokoine, mashabiki wao wakawa wanasafiri na timu, wakamaliza wa tatu. Baadaye wakashuka, wakasota daraja la chini, wakarudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26 wakiitwa Mbeya City. Jina lile lile, mji ule ule. Mtu wa Mbeya alijua pa kurudi.

Kwa hiyo star akisaini Kariakoo, hizi kelele za "msaliti" zipunguzwe. Miguu ya mpira ina miaka kumi hivi ya kula vizuri, ikizidi ni bahati. Kama klabu yenyewe inaweza kuamka asubuhi ina jina jingine, yeye ndiye aapishwe kiapo cha uaminifu?

Ila naye asijifanye malaika. Kuna mastaa wa timu za mikoani ambao ukipitia kurasa zao utadhani wanachezea timu ya Masaki. Picha za gari, za ufukweni, za saluni. Mji unaomlipa haumo. Siku moja akipita stendi na kusalimia, au akaenda kupiga danadana na madogo pale Ipembe, Jumatano hao madogo watakuja LITI na kaka zao. Hiyo haihitaji bajeti.

Viongozi nao waanze na jambo dogo: jina na uwanja visiguswe kwa miaka mitano, hata timu ikishuka. Mechi ya Jumatano saa kumi wanafunzi waingie bure, maana viti vyenyewe viko vitupu na saruji hailipi kiingilio. Huyo straika akifunga tena, angalau akute watu kule kwenye kona anakokimbilia.